Lori la zamani linalomaliza betri: jinsi ya kutafuta chanzo

Lori likigoma kuwaka asubuhi, kitu cha kwanza kulaumiwa ni betri. Inanunuliwa mpya, lori linawaka vizuri wiki mbili tatu, kisha hali inarudi palepale. Zamu ya alteneta, mashine inayochaji betri injini ikizunguka, inafika, nayo inabadilishwa, na bado asubuhi moja stata, ile mota ya kuwashia injini, inalia "tik" na kunyamaza. Mara nyingi vifaa vilivyotolewa vilikuwa vizima. Kilichokosekana ni kupima.

Kuna maradhi matatu yanayoonekana sawa ukiwa umekaa kwenye usukani: betri isiyoshika tena chaji, mfumo wa kuchaji ambao moto wake, yaani umeme, haufiki kwenye betri, na kitu kinachonyonya betri lori likiwa limezimwa. Yanaweza kuja mawili kwa pamoja, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa zaidi. Kila moja lina kipimo chake, na uzuri wa lori la zamani ni kwamba karibu kila waya unaonekana na kila bolti inafikika kwa spana. Ubaya wake ni kwamba nyaya hizo zimepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha kiungo chake.

Utahitaji multimita inayoweza kusoma hadi ampea 10, balbu ndogo ya kupimia yenye nyaya mbili, chaja ya nje, brashi ya waya na spana za kawaida. Haidromita ya kupimia maji ya betri itasaidia sana kama betri yako ina vifuniko vinavyofunguka. Namba nitakazotaja ni za mfumo wa volti 12. Kwa lori la volti 24 zidisha volti mara mbili, ila usome pia sehemu yake huko chini, kwa sababu lina ugonjwa wake mahususi.

Jambo la usalama kwanza. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Vua pete na saa ya chuma. Unapofungua, anza na kibano cha hasi. Unapofunga, kiwe cha mwisho. Na usifungue betri injini ikiwa inanguruma ili "kuona kama alteneta inafanya kazi". Mchezo huo ulivumilika enzi za dainamo, mashine ya kuchaji iliyotangulia alteneta. Kwenye alteneta, volti huruka ghafla na zinaweza kuua daiodi (vali za umeme ndani ya alteneta zinazouruhusu upite upande mmoja tu) na regyuleta (kidhibiti cha volti) kwa sekunde hiyohiyo, kisha unabaki na ubovu wa pili ulioutengeneza mwenyewe.

Betri kwanza, hata kama unaishuku alteneta

Betri mbovu hufanya vipimo vingine vyote vidanganye, kwa hiyo anza nayo. Ichaji kwa chaja ya nje mpaka ijae, kisha iache ipumzike saa kadhaa; usiku mzima ni bora. Ukiwa na haraka, washa taa kubwa dakika mbili, zima, subiri kidogo ndipo upime. Betri iliyotoka kuchajiwa hubeba moto wa juujuu unaoonyesha volti nzuri zisizodumu.

Betri iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hadi 12.7. Kwenye 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Tazama jinsi nafasi ilivyo finyu: kati ya betri iliyojaa na ile ya nusu kuna pengo la volti 0.4 au 0.5 tu. Ndiyo maana jibu la "nimepima, ina volti kumi na mbili" halisaidii kitu. Betri ya volti 12.0 kamili iko karibu kuishiwa chaji, na mtu ameshaipitisha kuwa nzima.

Ukisoma karibu 10.5 baada ya kuchaji usiku kucha, seli moja imekufa. Betri ya volti 12 ina seli sita za takriban volti 2.1 kila moja, na hiyo iliyokufa haifufuki. Kwa haidromita utaikuta haraka: seli iliyojaa husoma karibu 1.265, nusu ni 1.190, tupu ni 1.120. Cha kuangalia hasa ni tofauti kati ya seli na seli. Tano zikiwa juu na moja ikabaki chini kwa zaidi ya 0.050, umempata mgonjwa. Maji yakipungua ongeza maji safi ya betri yaliyokenekwa, usiongeze asidi. Asidi haipotei kwa kuchemka, kinachopotea ni maji.

Sasa ipe mzigo. Zuia injini isiwake: kwenye dizeli ya zamani mtu avute stopu na kuishikilia, kwenye petroli chomoa waya wa kati wa koili na uufunge ethi, yaani kwenye chuma cha injini au cha gari. Msaidizi azungushe stata sekunde kumi hivi huku wewe ukisoma volti moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Betri nzima, katika hali ya joto la kawaida, hubaki juu ya 9.6. Ikizama chini ya hapo, betri imechoka, au stata yenyewe inakula moto kupita kiasi. Lakini kipo kisa cha pili ambacho wengi hawakitazami: volti zinabaki juu, tuseme 11.8, na bado stata inajikokota. Hapo betri haina kosa. Moto upo, unakwama njiani.

Betri iliyoachwa tupu kwa wiki kadhaa hujenga fuwele ngumu za salfeti kwenye sahani zake na haitarudi tena kwenye nguvu zake zote, hata ichajiwe vipi. Kwa hiyo ukiwa na betri mpya ambayo tayari imekufa mara kadhaa kwa sababu ya ubovu mwingine, irudie kuipima baada ya kuutibu huo ubovu. Huenda imeshaumia.

Moto unaokwama njiani

Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote kwenye lori lililozidi miaka ishirini. Ubovu mwingi wa kuchaji kwenye magari ya umri huu uko kwenye vibano, bolti za ethi na nyaya nene zilizooza ndani ya ganda lake, na hakuna alteneta mpya itakayotibu hayo.

Kutumia kipimo cha omu kwenye nyaya nene ni kupoteza muda. Waya wenye uzi mmoja tu uliobaki mzima utasoma sifuri sawasawa na waya kamili, kwa sababu multimita hupitisha moto mdogo mno. Stata ya lori inavuta mamia ya ampea. Uzi mmoja hauwezi kuzibeba. Kipimo cha kweli ni kutafuta volti zinazopotea wakati mzigo unapita.

Weka ncha nyekundu kwenye kichwa chenyewe cha chanya cha betri, kile kipande cha risasi, wala si kwenye kibano. Nyeusi iweke kwenye bolti nene ya stata. Msaidizi azungushe stata. Unachosoma ni volti zinazoliwa na njia hiyo nzima, na hazifai kuzidi 0.5. Kisha upande wa pili: nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu kwenye bloku ya injini, mahali penye chuma safi. Ukipata zaidi ya 0.3, ethi ni mbovu. Baada ya hapo fupisha njia kipande kwa kipande: kutoka kichwa cha betri hadi kibano chake, kutoka kibano hadi mwisho wa waya, kutoka waya hadi chasisi, kutoka chasisi hadi injini. Mahali namba inaporuka ndipo penye ugonjwa. Mara nyingi huwa kati ya kichwa na kibano, umbali wa unene wa karatasi, ambapo ukungu mweupe umejipenyeza huku kwa nje kila kitu kinaonekana kimekazwa.

Fanya hivyohivyo upande wa kuchaji. Injini iwe kwenye mizunguko 2,000 hivi kwa dakika, taa kubwa zikiwaka. Pima kutoka bolti nene ya alteneta hadi kichwa cha chanya: isizidi 0.3 au 0.4. Kutoka mwili wa alteneta hadi kichwa cha hasi: isizidi 0.2. Fikiria maana yake. Alteneta inatoa volti 14.2 kama inavyotakiwa, njiani zinapotea 0.9, betri inapata 13.3. Taa ya chaji imezimika, kila mtu ameridhika, na betri haijai hata siku moja.

Ethi mbovu kati ya injini na chasisi ina dalili zake nje ya multimita. Waya wa eksili au wa choki unapata joto, pengine hata kutoa moshi, unapozungusha stata, kwa kuwa moto umekosa njia yake na unapita hapo. Mshale wa joto la injini unapanda ghafla ukiwasha taa kubwa. Taa moja ya nyuma inafifia ukikanyaga breki. Ukiona lolote kati ya haya, acha mengine yote, tafuta ule utepe wa ethi.

Tiba yake ni kazi ya mikono tu. Fungua kiungo, kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, funga kwa nguvu, ndipo upake grisi juu yake kuzuia maji. Grisi iende mwisho, baada ya kukaza. Ningeongeza pia waya mpya mnene kutoka hasi ya betri hadi kwenye injini, na mwingine kutoka injini hadi chasisi, hata kama ule wa zamani unaonekana mzima. Na waya ukiukunja ukasikia unachakacha kama una mchanga ndani, au ukichuna ganda ukakuta unga wa kijani, ukate na uutupe. Kuukata mwisho na kubana kiungo kipya juu ya shaba iliyokwisha kuwa nyeusi hakusaidii.

Taa ya chaji inasema nini

Kwenye alteneta nyingi za zamani taa hii ni sehemu ya mfumo wenyewe. Moto mdogo unaopita kwenye balbu yake ndio unaoamsha sumaku ya alteneta injini inapoanza kuzunguka. Balbu ikiungua, alteneta inaweza isichaji kabisa, au isubiri mpaka upige resi ndipo iamke. Balbu ya wati 2 hadi 5 inatosha kazi hiyo. Aliyebadilisha balbu za dashibodi akaweka LED amekata njia hiyo bila kujua, kwani LED hupitisha moto kidogo mno.

Ukifungua ufunguo na taa haiwaki, tafuta waya mwembamba wa taa nyuma ya alteneta, uchomoe na uuguse kwenye chuma cha injini huku ufunguo ukiwa umefunguliwa. Hakikisha ni ule mwembamba. Ule mnene una moto wa betri muda wote na ukiugusa ethi utachoma kila kitu. Taa ikiwaka, njia ya dashibodi ni nzima na ubovu uko ndani ya alteneta: kaboni (vipande vinavyopeleka moto kwenye ringi za sehemu inayozunguka) zimeisha au regyuleta imekufa. Isipowaka, ni balbu, fyuzi au waya.

Taa ikibaki imewaka injini inapozunguka, angalia mkanda kabla ya kitu kingine, kisha pima kama maelezo yanayofuata. Ikiwa inang'aa kwa mbali tu, hasa usiku, kuna daiodi iliyokufa au kuna volti zinazopotea kati ya alteneta na swichi ya ufunguo. Na taa ikiwaka ufunguo ukiwa umezimwa na kutolewa, daiodi imepiga shoti na betri inajimwaga kupitia alteneta. Fungua kibano cha hasi kila unapolaza lori mpaka urekebishe.

Alteneta yenyewe

Pima kwenye vichwa vya betri. Kabla ya kuwasha, andika namba. Injini ikinguruma taratibu, namba ipande. Kwenye mizunguko 2,000, bila mzigo, utarajie kati ya 13.8 na 14.5. Sasa washa taa kubwa, waipa na feni ya hita kwa pamoja: ikishuka kidogo kisha ikashikilia juu ya 13.5, alteneta ni nzima na unapaswa kutafuta kwingine. Ikizama hadi 12.5 na kuendelea kushuka, haizalishi vya kutosha. Lakini betri iwe imechajiwa kabla ya kipimo hiki. Betri tupu humeza kila kinachotolewa na kuivuta namba chini kwa saa nzima, na alteneta nzima hupewa jina baya.

Mkanda ukilia unapowasha taa, unateleza. Ubonyeze katikati ya sehemu yake ndefu kwa kidole gumba: uzame milimita 10 hadi 15 hivi. Mkanda wa umbo la V hushika kwa pembeni, kwa hiyo kama umechakaa mpaka unagusa chini ya mfereji wa puli, utateleza hata ukiukaza mpaka beringi zife. Mbavu zake zikiwa zinang'aa kama kioo, badilisha.

Ukigonga kwa upole mwili wa alteneta kwa mpini wa bisibisi na ikaanza kuchaji, kaboni zimebaki fupi na zinagusa kwa bahati. Zikiwa chini ya milimita 5 hivi zimemaliza kazi yake. Hiki ni kifaa kidogo, na fundi mzuri wa umeme huzibadilisha bila kugusa alteneta nyingine, ilimradi ringi zake hazijachimbika.

Daiodi moja ikifa, alteneta inaendelea kuchaji kwa unyonge na volti za kawaida zinaweza kuonekana karibu sawa. Geuza multimita kwenye volti za AC, pima kwenye betri injini ikizunguka na taa zikiwaka. Zaidi ya 0.5 ni ishara mbaya. Kabla ya kuamini, pima kwanza injini ikiwa imezimwa: multimita hafifu huonyesha volti 20 na zaidi za AC kwenye betri iliyotulia, na iliyo hivyo haifai kwa kazi hii. Kuna njia nyingine isiyohitaji kifaa. Lori likiwa limelala usiku kucha, gusa alteneta asubuhi. Kama ina uvuguvugu wakati injini imepoa kabisa, daiodi zake zinavujisha moto na umempata anayemaliza betri.

Malori madogo mengi ya dizeli kutoka Japani yana pampu ya vakyumu nyuma ya alteneta, inayosaidia breki, na pampu hiyo hulainishwa kwa oili ya injini. Sili yake ikichoka, oili huingia ndani ya alteneta, huloanisha kaboni na ringi, na kuchaji kunakuwa kwa kubahatisha. Kuweka kaboni mpya bila kubadilisha sili kutakupa wiki chache tu. Na ukinunua alteneta nyingine kwa ajili ya lori hilo, hakikisha ina pampu. Breki zitakuwa ngumu kupita kiasi bila hiyo, na hilo ni jambo la hatari kubwa kuliko betri.

Lori lenye dainamo bado lipo barabarani hapa na pale. Dainamo haichaji injini ikinguruma taratibu, na huo ndio uzima wake, usiutafutie dawa. Ubovu wake mbaya ni kwenye katauti, swichi inayotenganisha dainamo na betri injini ikizimwa: pointi zikishikana kwa kuungua, betri inarudi kujimwaga kwenye dainamo injini ikizimwa. Mita ya ampea kwenye dashibodi itaonyesha mshale umelala upande wa kutoa, na dainamo itapata moto. Fungua betri mara moja.

Linalala zima, linaamka tupu

Kama betri imefaulu na kuchaji kumefaulu, kuna kinachonyonya. Hesabu kwanza ili ujue unatafuta kitu cha ukubwa gani. Balbu ya wati 5 inavuta karibu ampea 0.4. Kwa saa 24 hiyo ni karibu ampea-saa 10. Betri nzima ya ampea-saa 70 itavumilia siku tatu nne hivi kabla stata haijaanza kusita. Betri iliyochoka inaweza kukuangusha usiku wa kwanza. Kwa hiyo lori linalokufa kwa usiku mmoja, betri ikiwa nzima, lina mnyonyaji wa ampea kadhaa, na huyo hujificha kwa shida. Lile linalokufa baada ya wiki ndilo linalotaka subira.

Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango yote au bonyeza swichi yake ukaifunga kwa utepe. Fungua kibano cha hasi. Unganisha balbu ya kupimia kati ya kichwa cha hasi na kibano hicho. Ikiwaka kwa nguvu, mnyonyaji ni mkubwa, na balbu hiyohiyo inatosha kumtafuta: unachomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka izimike. Isipowaka, weka multimita mahali pake kwenye tundu la ampea 10. Usifungue ufunguo wala usiguse stata multimita ikiwa katikati. Fyuzi yake itaungua papo hapo.

Lori la zamani lisilo na kompyuta linatakiwa kusoma karibu na sifuri. Saa ya dashibodi na kumbukumbu ya redio huchukua miliampea chache. Ukizidi miliampea 50, anza kutafuta. Chomoa fyuzi moja, tazama namba, irudishe, nenda inayofuata. Zile za kauri au kioo zenye ncha wazi huoza kwenye vibanio vyake; ziking'olewa, safisha hapohapo.

Fyuzi zote zikitoka na namba haijashuka, usikate tamaa, ni habari muhimu. Ina maana moto unapita mahali pasipo na fyuzi: waya mnene wa alteneta, stata, hita plagi (vipasha joto vya kusaidia dizeli kuwaka), swichi ya ufunguo, na kwenye malori kadhaa hata taa kubwa. Toa betri kabisa, fungua waya mnene wa alteneta, ufunge kwa utepe usiguse chuma, rudisha betri na multimita. Namba ikianguka, ni daiodi. Isipoanguka, endelea na rilei ya hita plagi, swichi ya umeme inayoziwasha. Hiyo ikiganda ikiwa imefungwa, inaweza kumaliza betri kabla hujamaliza chakula cha jioni, na kwa kuigusa tu utahisi joto.

Tazama pia kibano cha betri chenyewe. Kila waya mwembamba ulioongezwa hapo ni wa mtu aliyeweka kitu bila kupitia kwenye sanduku la fyuzi: kengele ya wizi, kifaa cha kufuatilia gari, redio, invata, honi ya pili. Fungua mmoja mmoja. Kwa uzoefu wa magari ya aina hii, ningeanza hapa kabla ya fyuzi.

Wengine wa kuchunguza: swichi ya taa za breki ambayo springi ya pedali imeshindwa kuisukuma, basi nenda ukaangalie nyuma ya lori gizani. Soketi ya trela iliyoingia maji, ambapo ukungu wa kijani huunganisha pini na pini. Taa ya boneti au ya sanduku la dashibodi isiyozimika. Na swichi ya ufunguo iliyochakaa kiasi kwamba ufunguo unachomoka kabla haujarudi mwisho, huku redio na nusu ya mita zikiendelea kupata moto. Mwisho, uchafu juu ya betri. Weka ncha nyeusi kwenye hasi na nyekundu uiburute juu ya kifuniko cha plastiki. Ukisoma volti, unyevunyevu wenye asidi unapitisha moto. Osha kwa maji yaliyochanganywa na baking soda, bila kuruhusu yaingie ndani ya seli, kisha kausha.

Swichi ya kukata betri inasaidia kwa lori linalolala muda mrefu. Nisingeiweka kama tiba. Shoti inayonyonya ampea mbili usiku ipo pia mchana, inapasha joto waya fulani uliojificha chini ya kapeti, na lori huanza kuungua hivyo. Tafuta kwanza, swichi baadaye. Nayo isikatwe injini ikiwa inazunguka.

Lori la volti 24

Lina betri mbili za volti 12 zilizoungwa kwa mfululizo. Ugonjwa wake wa pekee huletwa na redio, chaja ya simu au taa ya volti 12 iliyochukuliwa kutoka betri moja tu. Betri hiyo inatumika zaidi kuliko mwenzake, lakini alteneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Inayonyonywa haijai, na isiyonyonywa inachajiwa kupita kiasi na kuchemsha maji. Pima kila betri peke yake baada ya kupumzika. Tofauti ikizidi volti 0.2 au 0.3, fuata nyaya kutoka katikati, pale betri mbili zinapoungana. Chochote cha volti 12 kilichofungwa hapo kihamishiwe kwenye kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12 kinachovuta kutoka betri zote mbili. Zikibadilishwa, zibadilishwe pamoja, za aina moja na umri mmoja. Mpya na kuukuu zikifungwa pamoja, ile kuukuu itaiua mpya.

Inapochaji kupita kiasi

Maji ya betri yanayopungua kila wiki, harufu ya mayai yaliyooza, balbu zinazoungua ovyo: pima. Ikizidi volti 15 injini ikizunguka, regyuleta haidhibiti. Kama iko ndani ya alteneta, ibadilishe. Kama ni ile ya nje, kisanduku kilichofungwa ukutani ndani ya boneti, chunguza kwanza jinsi inavyopata ethi yake. Regyuleta za namna hiyo hupima volti kwa kulinganisha na mwili wa gari kupitia bolti zake. Bolti zikiota kutu, inasoma volti pungufu kuliko zilizopo na kuiamuru alteneta iongeze. Pima kati ya kisanduku chake na kichwa cha hasi injini ikizunguka. Hata volti 0.5 hapo inatosha kukusogeza karibu na 15. Fungua bolti mbili, kwangua chini yake mpaka chuma kionekane, funga, pima tena. Ikirudi kwenye 14.2, regyuleta haina ubovu wowote.